Biskuti Nyeupe Yenye Iliki

Wanangu, sogeeni karibu. Leo hadithi yetu haina sungura wala fisi. Shujaa wetu ni biskuti moja iliyotoka bekari ya mtaani asubuhi hii, ikiwa bado na ujoto. Ina upana wa kiganja. Ukingoni ni ya kahawia, katikati ina rangi ya krimu, na vipande vya chokoleti nyeupe vimechungulia juu yake. Ukiitazama kwa makini utaona vidoa vyeusi vidogo sana. Hivyo ni punje za iliki zilizotwangwa.

Watu wa Eastlands, hapa Nairobi, hawahitaji kufundishwa kupenda kitafunio. Kuna KDF, lile andazi zito ambalo wengine huliita ngumu. Ukilinywea chai asubuhi, njaa inakusahau hadi mchana. Kuna mahamri ya Majengo, Pumwani, yenye iliki na tui la nazi. Ukivuka kwenda Eastleigh, unapokewa na chai ya Kisomali, maziwa kwa wingi, iliki na mdalasini. Biskuti yetu imefika mitaani juzi tu, lakini imeingia katika ukoo huo huo wa iliki.

Tuanze na weupe wake. Chokoleti yote, nyeusi kwa nyeupe, hutoka kwa mti uitwao mkakao. Huku kwetu Afrika Mashariki, mikakao inastawi Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, na Kyela, kusini mwa Tanzania karibu na Ziwa Nyasa. Ukipasua tunda lake unapata mbegu zilizovikwa ute mweupe. Mbegu hizo huvundikwa, zikaanikwa, zikakaangwa, kisha zikasagwa. Karibu nusu ya mbegu ni mafuta, na mafuta hayo yakikamuliwa yanakuwa siagi ya kakao, yenye rangi ya manjano hafifu. Kinachobaki ni ule unga wa kahawia wenye uchungu.

Chokoleti nyeupe huuacha huo unga nje. Huchukua siagi ya kakao, sukari na maziwa ya unga, basi. Ndiyo maana haina uchungu hata kidogo. Na siagi ya kakao ina tabia moja ya ajabu: ukiiacha mezani inakaa imara na inavunjika kwa mlio, lakini ikifika nyuzi 34 hivi inayeyuka. Kinywa chako kina nyuzi kama 37. Kwa hiyo kipande hicho kinangoja ulimi wako ndipo kilegee.

Lakini utamu ukiwa peke yake unakinaisha. Ukila kidogo tu umeshachoka. Hapo ndipo viungo vinapoitwa.

Iliki ni tunda dogo la mmea wa jamii ya tangawizi. Asili yake ni milima ya kusini mwa India, na leo inalimwa pia katika milima ya Usambara, Tanzania. Mdalasini ni gome la mti. Tangawizi ni shina linalotambaa chini ya udongo. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua, na kisiwa cha Pemba kimejaa mikarafuu. Kwa karne nyingi viungo hivi vilisafiri kwa majahazi yaliyosukumwa na pepo za kaskazi na kusi, vikashushwa Lamu na Mombasa. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, njia ya kuvileta bara ikawa fupi. Leo unavipata katika duka la mtaani, vimefungwa kwa vipakiti vidogo.

Sasa twende jikoni. Mwokaji anayejua kazi yake hamwagi viungo ndani ya unga ovyo. Kwanza anayeyusha siagi kwa moto mdogo, anatia iliki, mdalasini na tangawizi, anakoroga hadi jiko zima linanukia. Ana sababu. Harufu ya viungo imo ndani ya mafuta yao, na mafuta hayo hukubaliana na siagi kuliko maji. Siagi ikishaibeba harufu hiyo, itaifikisha kila pembe ya biskuti.

Siagi ikipoa, sukari inafuata, kisha yai, kisha unga wa ngano na beking pauda kidogo. Unga ukishaingia, mkono unatulia. Ngano ikikandwa sana hutengeneza nyuzi zinazovutana, na nyuzi hizo ndizo tunazozitaka kwenye chapati. Biskuti haizitaki. Inataka kuvunjika. Mwisho vinaingia vipande vya chokoleti, na madonge yanapangwa kwenye trei kwa nafasi.

Oveni ina nyuzi 180. Dakika za kwanza siagi inayeyuka na madonge yanatanuka. Kisha maji yaliyomo yanageuka mvuke, beking pauda inatoa hewa, na donge linainuka. Yai linashikana na unga ili umbo lisimwagike. Ukingo ni mwembamba, kwa hiyo unakauka mapema, na hapo sukari na protini zinakutana kwenye joto kali zikageuka kahawia. Kipande cha chokoleti kilichojitokeza pembeni nacho kinabadilika, maana kina maziwa na sukari. Kinapata ladha kama ya ule ukoko unaobaki chini ya sufuria ya maziwa, ambao watoto hugombania kuukwangua.

Baada ya dakika kumi au kumi na mbili mwokaji anatoa trei, ingawa katikati panaonekana hapajaiva. Usiogope. Joto la trei linaendelea na kazi. Biskuti ikipoa, sukari ya ukingoni inakuwa ngumu na katikati panabaki laini. Akichelewa dakika chache tu, yote inakuwa ngumu.

Tena kuna jambo la Nairobi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100 kama Mombasa. Donge linainuka haraka, linatanuka sana, na linakauka upesi. Kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya mji wa pwani kinahitaji kupunguzwa sukari na beking pauda kidogo, la sivyo biskuti zako zitaungana na kuwa moja.

Haya, tuonje. Ivunje kwanza. Sikiliza ukingo ukilia, kisha uone katikati pakivutika taratibu. Sasa bana pua kwa vidole viwili, uma, tafuna. Unasikia nini? Utamu tu, basi. Iliki haipo. Achilia pua. Mara iliki inafika, mdalasini nyuma yake! Ulimi unajua tamu, chumvi, chungu, chachu na ule utamu wa mchuzi wa nyama; mengine yote ni kazi ya pua, kwa njia ya nyuma ya koo. Tangawizi inakuja mwisho. Mwasho wake si ladha wala harufu, bali ni mishipa ya fahamu inayodhani imeguswa na moto, kama inavyodanganywa na pilipili.

Huna oveni? Hata bila oveni unaweza kuoka. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanafua majiko na sufuria siku nzima, kwa hiyo vyombo havikosi. Omba mtu mzima akae nawe. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, weka ndani yake sufuria ndogo yenye madonge, funika, pakia makaa machache juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe mdogo, na subira iwe kubwa.

Na mkienda dukani kununua chokoleti nyeupe, geuzeni pakiti msome. Ikiwa imeandikwa siagi ya kakao, mmepata yenyewe. Ikiwa ni mafuta ya mawese na sukari tu, itawaganda kwenye kaakaa na haitayeyuka vizuri. Someni kabla ya kulipa, nuseni kabla ya kuuma, na mtafune polepole. Mtoto anayejua anachokula hauziwi mbuzi kwenye gunia.