Amazon ya Barazani

Miaka 24 kabla Jeff Bezos hajaanzisha kampuni yake, Amazon lilikuwa tayari jina la duka la vitabu mjini Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani. Lilifunguliwa mwaka 1970 kwenye baraza la nyumba ya wanaharakati wa ukombozi wa wanawake, likapewa jina la wanawake wapiganaji wa hekaya za Kigiriki. Hilo ni jimbo la theluji, na baraza la huko halikaliki mwaka mzima. Duka lilihama mara kadhaa, na baadaye likawa ushirika wa wafanyakazi wenyewe.

Wateja walikuwepo, vitabu vya wanawake ndivyo vilivyokuwa haba. Wachapishaji wakubwa hawakuona soko, hivyo wanawake wakaanzisha kampuni zao. Daughters, ya June Arnold na Parke Bowman, ilichapa mwaka 1973 riwaya ya Rita Mae Brown, Rubyfruit Jungle, iliyokuwa imekataliwa kwingine. Ziliuzwa nakala makumi ya maelfu, hata Bantam, kampuni kubwa ya New York, ikaja kununua haki za riwaya hiyo mwaka 1977.

Mwaka 1976 wachapaji, wahariri na wauza vitabu wa harakati hizo za wanawake wapatao 130 walikutana kambini karibu na Omaha, Nebraska. Mkutano huo ulizaa jarida la wauza vitabu, ambalo Carol Seajay alilihariri hadi mwaka 2000. Humo wauza vitabu walipashana habari za kazi: kitabu gani kimetoka, kipi kimeadimika, mchapishaji yupi adaiwe toleo jipya. Muuzaji anayesikia kila siku wasomaji wanaulizia nini ni mshauri ambaye kampuni nyingi za uchapishaji hazina.

Kufikia miaka ya 1990 maduka ya vitabu vya wanawake Marekani na Kanada yalizidi 100. Kisha maduka makubwa yenye matawi kila mji yakashusha bei, na intaneti ikafuata. Mwaka 1999 ushirika wa Minneapolis uliishtaki Amazon ya Bezos kwa kutumia jina lake. Mawakili wa kampuni waliwahoji wanawake wa duka kuhusu maisha yao ya kimapenzi, jambo lisilohusiana kabisa na nani alitangulia kutumia jina. Pande mbili zilipatana mwaka huohuo: kampuni ikachukua jina, duka likaruhusiwa kuendelea kulitumia. Mwaka 2008 duka liliuzwa na kuitwa True Colors. Lilifungwa mwaka 2012.