Mwamuzi Mpya wa Kuogelea na Mlezi Wake

Kanuni za mashindano ya kuogelea si ndefu. World Aquatics, shirikisho la dunia lililoanzishwa London mwaka 1908 kwa jina la FINA, limeeleza kila mtindo kwa mistari michache tu, na mtu makini anaweza kuielewa yote kwa wiki moja. Lakini mtu huyo huyo akisimama ukingoni mwa bwawa, waogeleaji wakimjia kwa kasi na mapovu yamefunika mikono yao, hajui aanze kutazama wapi. Ndiyo maana kila mwamuzi mpya anahitaji mlezi: mwamuzi mzoefu anayesimama naye ubavuni, mashindano yakiendelea, na kumwonyesha kazi inavyofanyika.

Nchini Marekani ulezi huu una utaratibu unaoeleweka. Chama cha taifa, USA Swimming, kina kamati za maeneo zaidi ya 50, na waamuzi wa mashindano ya vilabu hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Wengi ni wazazi wa waogeleaji wenyewe. Mzazi anayetaka kuanza hujisajili, huchunguzwa kama ana rekodi ya uhalifu, hupata mafunzo ya kuwalinda watoto, hufanya mtihani wa kanuni, kisha husimama ukingoni mwa bwawa kama mwanagenzi kwa vipindi kadhaa. Idadi ya vipindi huamuliwa na kamati ya eneo lake. Wengi huanzia kwenye uamuzi wa mitindo na kugeuka, na hapo ndipo mlezi ana kazi kubwa kuliko kwingine kote.

Katika mtindo wa kifua, kwa mfano, mwogeleaji anapofika ukutani lazima aguse kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja, na mikono hiyo iwe imeachana. Mgeni hukitazama kichwa, kwa kuwa ndicho kinachoonekana kirahisi. Mlezi humwambia ayapeleke macho ukutani mapema, pale mikono itakapotua, aisubiri hapo. Mikono ikishagusa, macho yafuate miguu inavyouacha ukuta na mwili unavyozama, kwa sababu chini ya maji mwogeleaji huyo anaruhusiwa pigo moja tu la miguu la kipepeo kabla ya pigo la kwanza la kifua. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 2005, baada ya malalamiko ya Olimpiki ya Athens kwamba Kosuke Kitajima wa Japani alilitumia pigo hilo. Mwanagenzi akielezwa asili ya kanuni, huikumbuka hata akichoka.

Kosa linalowapata karibu waamuzi wapya wote ni kumwandama mwogeleaji mmoja. Wanamwona mtoto anayehangaika njia ya 2, wanamkazia macho mpaka akosee, na wakati huo njia ya 3 hakuna anayeiangalia. Hiyo ni dhuluma, hata kama kosa lililoonekana ni la kweli, kwa sababu mtoto mmoja amechunguzwa kuliko mwenzake. Walezi wazuri hulisisitiza jambo hili bila kuchoka: kila njia ipewe macho sawa, na kuogelea vibaya si kuvunja kanuni. Shaka yoyote ikiwepo, mwogeleaji ndiye anayenufaika nayo.

Kwa utaratibu wa Marekani, mwamuzi akiona kosa huinua mkono mmoja juu, kiganja wazi, papo hapo. Mwanagenzi kwa kawaida hainui mkono. Hungoja mbio ipite, kisha humnong'oneza mlezi alichokiona. Mlezi humuuliza maswali yale yale ambayo refa, mkuu wa waamuzi, atamuuliza siku atakaposimama peke yake: Ulikuwa unasimamia eneo gani? Uliona nini? Kanuni gani imevunjwa? Jibu la kwanza la mgeni huwa kama hili: "Hakugusa vizuri." Mlezi hulikataa kwa upole na kumrudisha kwenye tukio, mpaka aseme: "Njia ya 4, kugeuka kwa mita 50, mkono wa kulia uligusa kabla ya wa kushoto." Asipoweza kufika hapo, basi hakuliona kosa, alilihisi tu.

Umuhimu wa maelezo hayo ulionekana mbele ya dunia nzima Agosti 2004, huko huko Athens. Aaron Peirsol wa Marekani alishinda fainali ya mita 200 mgongo kwa zaidi ya sekunde 2, akaenguliwa kwa madai ya kosa la kugeuka, kisha muda mfupi baadaye akarudishiwa dhahabu yake. Maelezo ya mwamuzi yalionekana hayajitoshelezi, na hayakuwa katika lugha ya kazi ya FINA. Huenda mwamuzi aliona sawasawa, lakini karatasi yake haikuweza kuutetea uamuzi.

Nafasi nyingine zina mafunzo mafupi zaidi. Mtunza muda hufundishwa kuanzisha saa anapoona mwanga wa kifaa cha kuanzishia, asingoje mlio. Mwanzishaji wa mbio hufundishwa subira: refa akishapiga filimbi na kunyoosha mkono kumkabidhi mbio, hakuna haraka tena, wote watulie kwanza ndipo awaachie. Anayejifunza urefa ndiye hukaa muda mrefu zaidi chini ya mlezi, kwa kuwa lawama zote humwangukia yeye.

Namna ya kukosoa nayo ina uzito wake. Mwanagenzi akikosea mbele ya makocha na wazazi, mlezi hasemi kitu pale. Humvuta pembeni kipindi kikiisha, na huanza kwa kumuuliza yeye mwenyewe alionaje. Waamuzi wengi huacha kazi mtoto wao anapoacha kuogelea. Wanaobaki mara nyingi ni wale waliopokewa vizuri siku za mwanzo, na baadhi yao hupanda hadi ngazi za taifa, ambako nako hutathminiwa na waamuzi wenzao wenye uzoefu zaidi.

Vilabu vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huogelea kwa kanuni hizo hizo za World Aquatics. Mzazi anayekaa jukwaani tangu asubuhi akisubiri mbio moja ya mwanawe anaweza kumwendea refa kabla ya kipindi na kuomba kusimama ubavuni mwa mwamuzi mmoja. Si lazima awe amewahi kuogelea katika mashindano.