Rekodi za wachora viumbe wa baharini wasioonekana kwa macho

Tuanze na mkongwe. Mchoro wa kwanza kuchapwa wa gamba la foraminifera, kiumbe wa seli moja, umo katika Micrographia ya Robert Hooke, London, 1665. Hooke alikuwa akichungulia mchanga kwa hadubini, akaona katikati ya punje kigamba kilichojisokota kama cha konokono, akakichora.

Kosa kubwa kuliko yote ni la Christian Ehrenberg wa Berlin. Aliwalisha vijidudu rangi ya nili, akaona vifuko vikijaa buluu, akaamini ni matumbo. Kitabu chake cha 1838 chenye kurasa 64 za picha kinatetea kwamba kiumbe mdogo kabisa ana viungo kamili. Hoja ilianguka, lakini michoro yake bado inapendeza.

Kwa wingi, bingwa ni Ernst Haeckel wa Jena, Ujerumani. Meli ya Uingereza, Challenger, ilizunguka bahari za dunia kuanzia 1872 hadi 1876, na mavuno yake yakagawiwa wataalamu. Haeckel alipewa radiolaria, viumbe wa seli moja wanaojijengea mifupa ya silika. Alikaa nao karibu miaka 10. Ripoti yake ya 1887 ilieleza spishi 4,318, na 3,508 kati yake zilikuwa mpya kwa sayansi. Picha zimejaza kurasa 140.

Rekodi ya kina cha bahari ni ya safari hiyo hiyo. Tarehe 23 Machi 1875, magharibi mwa Pasifiki, Challenger ilishusha kamba pima 4,475, zaidi ya mita 8,100, mahali panapoitwa leo Mtaro wa Mariana. Tope lililopanda lilikuwa limejaa radiolaria.

Sasa tazama ukurasa mmoja tu wa ripoti ya Haeckel. Tufe limetobolewa vitundu mamia, ndani yake tufe jingine dogo, na miiba inatoka katikati kupenya yote mawili. Kila kitundu kina ukingo wake na kivuli chake. Aliyeihamishia kazi hiyo kwenye jiwe la kuchapia ni Adolf Giltsch, fundi wa Jena, na kwangu mimi rekodi ya subira ni yake. Sifa zote zikaenda kwa profesa.

Umaarufu nao ukaenda huko huko: lango kuu la Maonyesho ya Paris ya 1900, kazi ya René Binet, lilifuata umbo la radiolaria.

Ila kwa ukweli wa mchoro, namtanguliza Henry Brady, aliyepewa foraminifera wa Challenger. Haeckel aliwanyoosha viumbe wake mno, kila upande ukalingana na mwenzake. Foraminifera wa Brady, kurasa 115 za mwaka 1884, wameachwa na kasoro zao, na wataalamu wanarejea kwao hadi leo.

Ripoti za Challenger zinasomwa bure mtandaoni. Ukifungua ile ya 1887, shuka hadi chini ya picha, kwenye herufi ndogo, usome na jina la Giltsch.