Je, Upasuaji wa Macho Una Mwenyewe?

Leo tujibu swali hili: ni kweli upasuaji wa macho kwa leza una mwenyewe, na daktari mwingine haruhusiwi kuufanya?

Swali hilo si la mchezo. Huko Marekani lilifika mahakamani. Mwaka 1992 Dkt. Samuel Pallin alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila idhini. Uvumbuzi wenyewe ulikuwa namna ya kukata jicho, wakati wa kutoa mtoto wa jicho, ili kidonda kijifunge bila kushonwa. Mwaka 1993 akamshtaki daktari mwenzake, Jack Singer, akitaka alipwe. Hebu fikiria mama, kisu ni chako, mkono ni wako, na bado ulipie mkato! Kesi iliisha 1996, Pallin akashindwa. Mwaka huohuo sheria ikapitishwa huko kuwakinga madaktari na madai ya namna hiyo.

Mashine ni jambo jingine. Kampuni mbili za Marekani, VISX na Summit, ziliunganisha hataza zao za leza mwaka 1992. Baadaye madaktari wakatozwa dola 250 kila walipotumia leza hizo kumwondolea mtu haja ya miwani. Mwaka 1998 serikali ilizishtaki, na muungano ukavunjika.

Hapa Kenya, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inasema njia ya kutibu mwili kwa upasuaji haipewi hataza. Vifaa na mashine vinaweza kupewa. Kwa hiyo hakuna kliniki inayomiliki upasuaji wa macho, hata ikijitangaza namna gani.

Na mtoto wa jicho hutibiwa bila leza. Daktari hutoa lenzi iliyoingia ukungu kupitia mkato mdogo, akaweka ya plastiki. Basi usimweke nyanya gizani hapo Wabera mkichanga pesa za leza. Ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto mchanga, mpeleke hospitali ya Isiolo bila kungoja. Jicho lililozibwa utotoni huenda lisijifunze kuona, na weupe huo waweza kuwa saratani.

Ukiambiwa ni lazima leza, uliza ni ya ugonjwa gani. Kisukari kikiharibu mishipa ya nyuma ya jicho, hapo leza ina kazi yake.