Chembe sahani 140,000: Ni ugonjwa au ni kipimo cha watu wengine?

MTU anayejiona mzima anapopokea majibu ya maabara na kukuta chembe sahani zake ni 140,000 kwa kila mikrolita ya damu, huku pembeni pameandikwa kuwa kawaida ni 150,000 hadi 450,000, hofu humwingia. Chembe hizo ndizo huziba jeraha ili damu isiendelee kuvuja. Lakini kabla ya kuogopa, yafaa kuuliza kiwango hicho kiliwekwaje.

Utaratibu unaokubalika kimataifa ni kupima damu ya watu wasiopungua 120 wenye afya njema, kupanga majibu yao kuanzia dogo hadi kubwa, kisha kuondoa asilimia 2.5 ya chini na asilimia 2.5 ya juu. Asilimia 95 inayobaki katikati ndiyo huitwa kawaida. Kwa hesabu hiyo, mtu mmoja kati ya kila 20 wenye afya ataangukia nje ya mipaka bila kuwa na ugonjwa wowote.

Suala zito zaidi ni nani aliyepimwa. Kwa miaka mingi maabara za Afrika zimetumia mipaka iliyotokana na watu wa Ulaya na Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha watu wazima 2,105 wenye afya kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, ulionyesha kuwa kikomo cha chini cha chembe sahani kwao kiko chini ya 150,000. Mtu wa namna hiyo anaweza kukataliwa katika majaribio ya chanjo, au kuzungushwa hospitali kutafutiwa ugonjwa asio nao.

Mashine nayo hukosea. Dawa inayozuia damu kuganda ndani ya kichupa cha sampuli huweza kuzifanya chembe zishikamane, zikahesabiwa pungufu. Ndiyo maana mtaalamu makini huziangalia kwa hadubini kabla ya kutoa majibu.

Isitoshe, mpaka wa kawaida si mpaka wa hatari. Upasuaji mwingi hufanyika salama chembe zikiwa zaidi ya 50,000. Kwa upande mwingine, mgonjwa wa homa ya dengue ambaye chembe zake zimeshuka kutoka 300,000 hadi 160,000 kwa siku mbili anahitaji kuangaliwa kwa karibu, ingawa karatasi yake itasomeka kuwa yuko sawa.