Barafu, friza au chumba cha baridi: Mchuuzi wa samaki achague nini?

Bei ya samaki katika soko la Malindi, mjini Unguja, huanguka siku vyombo vinapoingia vingi kwa pamoja, na hupanda pale upepo unapowazuia wavuvi kutoka. Tofauti hiyo ndiyo inayomshawishi mchuuzi kutafuta njia ya kuhifadhi mzigo, ili anunue kwa bei ya chini na kuuza baadaye. Hata hivyo, wengi huanzia dukani kuuliza bei ya mashine, kabla ya kujiuliza samaki watakaa muda gani hadi wauzwe. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua cha kununua.

Samaki wa kuuzwa leo au kesho hahitaji mashine, anahitaji barafu. Kilo 100 za samaki wenye joto la nyuzi 28 huyeyusha takriban kilo 30 za barafu hadi kufikia nyuzi 0. Hewa ya nje nayo huyeyusha nyingine, ndiyo maana katika nchi za joto kanuni ya kawaida ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Sanduku lenye kuta nene zilizojazwa povu hupunguza matumizi hayo. Aidha, barafu isagwe, kwani mabonge hayamgusi samaki pande zote.

Kwa mzigo wa kukaa wiki kadhaa, wengi hukimbilia friza ya nyumbani. Hapo ndipo mtaji unapopotea. Friza hiyo imetengenezwa kutunza kilichokwisha kuganda, si kugandisha shehena. Kugandisha kilo 100 kutoka nyuzi 28 hadi nyuzi 18 chini ya sifuri ni kuondoa joto la kiasi cha kilowati-saa 11. Friza inayoondoa joto kwa kiwango cha wati 200 itahitaji zaidi ya saa 50, yaani siku mbili na ushei. Katika muda huo samaki wa katikati wanaharibika. Kwa jodari na vibua hatari ni kubwa zaidi, maana hujenga histamini, sumu isiyoondoka kwa kupikwa wala kugandishwa. Mteja wa hoteli akiugua, mchuuzi amempoteza.

Hivyo basi, usinunue friza kwa kutazama lita peke yake. Soma maelezo yake uone inagandisha kilo ngapi kwa saa 24, na usizidishe. Ukipoza samaki kwa barafu kwanza, utakuwa umeipunguzia friza karibu robo ya kazi.

Chumba cha baridi humfaa mwenye mzigo wa kila siku, au wachuuzi kadhaa walioungana. Hapa fedha ziende kwanza kwenye kuta na mlango, ndipo mashine ifuate, kwani ukuta mwembamba hulipiwa kila mwezi kwenye bili ya umeme. Sehemu ya nje ya mashine iwekwe penye hewa ya kutosha na ioshwe mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi, maana upepo wa bahari hula alumini. Mashine kuukuu za gesi ya R22 ziepukwe hata zikiwa za bei rahisi. Chini ya Mkataba wa Montreal, nchi zinazoendelea zinapaswa kuiondoa gesi hiyo ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo.

Jambo la mwisho ni umeme, ambao Unguja huupata kutoka Bara kwa kebo ya chini ya bahari. Kati ya Mei na Juni 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme huo, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 karibu miezi mitatu. Kebo mpya ya megawati 100 ya mwaka 2013 imepunguza hatari hiyo, lakini friza iliyojaa haihimili zaidi ya siku mbili umeme ukikatika, na kwa joto letu huwa pungufu.

Kabla ya kukopa, mchuuzi ajumlishe umeme, mafuta ya jenereta, matengenezo na riba, kisha alinganishe na tofauti ya bei anayoitarajia. Ikiwa tofauti haitoshi, abaki na barafu na kuuza mapema.