Bene Moja kwa Butiki Arobaini

Masoko yanapofungwa jioni, Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, kila mfanyabiashara mdogo hubaki na kazi ya mwisho ya siku: kuondoa taka zake. Mama muuza lenga-lenga ana majani yaliyonyauka. Mwenye butiki ana makatoni na sashe za bidhaa zilizoingilia mpaka wa Kasindi. Mwenye malewa, mkahawa mdogo wa mtaani, ana maganda ya ndizi, mabaki ya sombe na majivu ya makaa. Fundi wa simu ana betri zilizovimba. Hakuna kati yao mwenye taka za kujaza lori, wala hakuna anayeweza kulala nazo ndani ya duka. Basi anaitwa kijana wa pusupusu, mkokoteni wa kusukuma, anapewa faranga chache, anaondoka na gunia. Anakolipeleka, hakuna anayemuuliza.

Hapo ndipo gharama inapoanza. Butembo imekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na miezi isiyo na mvua kabisa ni michache mno. Gunia lililomwagwa usiku kwenye mteremko huwa limefika bondeni asubuhi. Mto Kimemi unaopita mjini hubeba kilichobaki, na mifereji ya barabarani ikishazibwa na sashe, maji huingia kwenye maduka ya watu wale wale waliolipa ili taka ziende mbali. Beni iko chini zaidi na ina joto, kwa hiyo taka za soko la Kilokwa hazingoji mvua: zinaoza siku ya pili, na inzi hawachagui meza ya kutua. Salongo, kazi ya pamoja ya usafi, hufagia, na hilo ni jema. Lakini salongo hukusanya tu. Fungu hubaki pembeni ya barabara likingoja lori, na lori lisipokuja, mbuzi na upepo hulitawanya upya.

Kuna njia ambayo miji mingi imeitumia kwa karibu miaka mia, na ambayo wafanyabiashara wetu wanaweza kuianza bila kungoja mfadhili: kukodi bene. Nasema bene kwa maana ya lile sanduku kubwa la chuma, wazi juu, ambalo lori huliacha mahali likiwa tupu na kurudi kulichukua likiwa limejaa. Miaka ya 1930, George Dempster wa Knoxville, Marekani, alitengeneza lori lenye mikono ya kuinua sanduku la namna hiyo. Faida yake ilikuwa rahisi kueleza: lori halisimami tena saa nzima likipakiwa kwa koleo. Sanduku ndilo linalongoja, na chuma kinachongoja hakinywi mafuta. Kwetu, ambako mazuti husafiri kutoka Mombasa kupitia Uganda na bei yake hupanda kila barabara inapoharibika, hoja hiyo ina nguvu kuliko ilivyokuwa kwa Dempster.

Lakini bene si ya mtu mmoja. Anayejenga jengo la ghorofa anaweza kukodi yake peke yake kwa wiki moja, akajaza vifusi na kuirudisha. Mwenye butiki hawezi, na akijaribu atakuwa analipia hewa. Tupige hesabu ya mfano. Butiki 40 za mtaa mmoja, kila moja ikitoa nusu gunia kwa siku, tuseme lita 50, zinatoa mita za ujazo mbili kwa siku. Bene ya mita za ujazo sita hujaa baada ya siku tatu. Tukikadiria kwamba safari moja ya lori, pamoja na kodi ya bene yenyewe, ni dola 80, kila butiki italipa dola mbili kwa safari, na safari ni mbili kwa wiki. Dola nne kila wiki si pesa ndogo kwa mama mwenye meza ya nyanya. Kwa hiyo meza ya nyanya isilipe sawa na depo ya saruji. Kila mmoja alipe kwa ukubwa wa taka zake, na hili linapangwa siku ya kwanza, mbele ya wote, kabla chuma hakijashushwa barabarani.

Njia ya kupunguza hizo safari mbili zikawa moja ipo, nayo ndiyo nadhani ni kiini cha jambo lote. Zaidi ya nusu ya taka za soko letu ni vitu vilivyotoka shambani: majani, maganda, makapi ya mahindi, mabua ya miwa, viazi vilivyooza. Vitu hivi ni vizito kwa sababu vimejaa maji. Mita moja ya ujazo ya makatoni na chupa tupu hubebwa na watu wawili. Mita ile ile ya maganda ya ndizi yaliyolowa hupita kilo 300 kwa urahisi. Bene ya mita sita iliyojazwa maganda ina uzito wa karibu tani mbili au zaidi, na lori linapopanda nayo kilima wakati wa mvua, linachoma mazuti ili kusafirisha maji. Bene ikiwa wazi, mvua inaongeza maji mengine juu yake. Ndiyo maana ni lazima iwe na matundu chini na turubai juu.

Na maganda hayo yana mwenyewe. Butembo hulishwa na milima ya Lubero, mashamba ya viazi, kabichi, karoti na vitunguu yaliyolimwa vizazi na vizazi bila kupumzishwa, kwa sababu watu ni wengi na ardhi haiongezeki. Mkulima wa huko anajua udongo wake umechoka. Kila siku magari yanashuka mjini na mazao yake, na kila siku yanarudi juu karibu matupu, wakati rutuba iliyotoka kwenye mashamba yale yale inaozea kwenye mto wetu. Sihitaji mtaalamu kuniambia kwamba hapa kuna hesabu ambayo haijafungwa. Pipa moja la maganda nyuma ya kila malewa, kijana mmoja wa chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, anayezunguka kila jioni, shimo la mboji pembezoni mwa mji lenye paa la kukinga mvua, rundo linalogeuzwa mara kwa mara ili hewa iingie: baada ya miezi michache ni mbolea. Vioo, sashe na betri vikiingia humo, mkulima hataigusa, na atakuwa na haki. Kwa hiyo kazi ya kutenga inafanyika kwenye meza ya muuzaji. Shimoni ni kuchelewa.

Wako watakaosema tusubiri serikali. Sheria inawapa sababu: kuzoa taka za mji ni kazi ya mamlaka ya mji, na sheria ya mazingira ya Julai 2011 inasema aliyechafua ndiye mlipaji. Amri ya Desemba 2017 ilipiga marufuku hata kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki, na kila anayenunua sukari kwenye masoko yetu anajua jinsi ilivyotekelezwa. Mimi siamini kwamba kungoja ni mpango. Naamini pia kwamba meya hawezi kuachwa pembeni, kwa sababu kuna mambo mawili ambayo ni yeye tu anaweza kuyatoa: ruhusa ya kuweka chuma barabarani na ardhi ya kumwagia.

Kinshasa inatupa somo la pesa. Kwa miaka kadhaa Umoja wa Ulaya uligharimia huko mradi uliojulikana kwa jina PARAU. Vikajengwa vituo ambako vijana wa pusupusu walileta taka za nyumba na kuzimwaga kwenye bene, na malori yakazipeleka kwenye dampo la Mpasa. Kazi ilionekana. Mwaka 2015 ufadhili ukaisha, mji ukashindwa kulipa mafuta na matengenezo, na zile bene zikafurika mahali zilipo, taka zikamwagika kuzizunguka. Bene iliyojaa isiyochukuliwa ni mbaya kuliko kutokuwa na bene, kwa sababu inawaita watu wa mitaa mitatu kuleta taka zao mahali pamoja. Anayetaka kuanza Butembo au Beni aanze na swali la baada ya miezi sita: nani atalipa safari ya lori wakati shauku imekwisha?

Kwa swali hilo, nina imani na wafanyabiashara wa hapa kuliko wa mji mwingine wowote ninaoujua. Hawa ni watu waliojifunza njia ya Kampala, Dubai na Guangzhou wakati serikali ilikuwa mbali, walioshirikiana kufungua barabara na kutafuta umeme kwa michango yao wenyewe. FEC, shirikisho la wafanyabiashara, tawi la Butembo, ina sauti inayosikika hadi Kinshasa. Kinachokosekana si uwezo wa kuchanga. Ni uaminifu kwamba mchango utafanya kazi yake. Mama wa sokoni hulipa kodi ya meza, hulipa hiki na kile, na mara nyingi haoni kinachorudi. Ukimletea karatasi nyingine ya kulipa, atakuuliza kwa haki kabisa hii ni ya nani. Kwa hiyo pesa za bene zikae kwa watu wa mtaa huo huo, daftari liwe wazi, na lori lilipwe baada ya kubeba, kamwe si kabla. Dereva arudi na hati ya dampo yenye tarehe, namba ya gari na sahihi. Nchini Uingereza sheria ya 1990 inamtaka kila mfanyabiashara atunze karatasi inayoonyesha taka zake zilikabidhiwa kwa nani. Sisi tunaihitaji zaidi, maana bonde la kumwagia kwa siri liko karibu kuliko dampo.

Uingereza hiyo hiyo inadai bene iliyowekwa barabarani iwe na taa usiku, na jina la mwenyewe pamoja na namba yake ya simu au anwani viandikwe juu yake. Fikiria pikipiki zetu zinavyoshuka mteremko saa moja jioni, taa za barabara hakuna, kila mtu anakimbilia nyumbani. Chuma cha tani mbili gizani kinaua. Rangi inayong'aa kwenye pembe zake nne haigharimu kitu ukilinganisha na mguu wa mtu.

Kuna taka ambazo haziingii kwenye bene ya mtaa hata siku moja. Butembo na Beni zimejaa maduka ya dawa na vituo vidogo vya afya vya watu binafsi. Sindano, pamba zenye damu na chupa za dawa zilizopitwa na wakati ziende kwenye kisanduku cha usalama na tanuri la hospitali. Tuliishi na Ebola tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020. Ilichukua watu 2,287, na Beni, Butembo na eneo la afya la Katwa walizika wengi kati yao. Vijana wanaochakura bene wakitafuta chupa na vyuma vya kuuza watakuwepo, maana ndiyo riziki yao, na haifai mkono wao ukutane na sindano ya mtu mwingine. Afadhali vijana hao waandikwe, wapewe glavu na mabuti, na wawe wa kwanza kupitia makatoni na chuma kabla lori halijafika. Kila wanachotoa kinaongeza nafasi.

Vyombo vyenyewe si vigumu. Wachomeleaji wetu wanaotengeneza mageti na bodi za malori wanaweza kutengeneza bene. Kilicho ghali ni lori lenye mikono ya haidroliki. Mtaa usiongoje lori hilo: bene ndogo ya mita mbili au tatu yenye magurudumu, inayovutwa na trekta, inatosha kuanzia, na inapita kwenye njia ambazo lori kubwa haliwezi.

Linabaki suala la dampo, nalo ndilo gumu kuliko yote. Tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa taka wa Kiteezi, Kampala, uliporomoka baada ya mvua na kufukia nyumba za jirani. Watu zaidi ya 30 walikufa. Kiteezi lilipofunguliwa miaka ya 1990 lilikuwa nje ya mji. Mji ukalifuata. Butembo inakua kwa kasi hiyo hiyo, juu ya miteremko mikali zaidi, na Beni, tangu ilipopokea ofisi za jimbo mwanzoni mwa 2025 baada ya Goma, mji mkuu wa jimbo, kutekwa na waasi, inapokea watu kila juma, wengi wao wakiwa wamekimbia vita. Ardhi ya tambarare, mbali na chemchemi, yenye barabara inayopitika wakati wa mvua, inazidi kuwa adimu kila mwaka. Meya, machifu wa ardhi na wakuu wa biashara wakae sasa, waipime, waiwekee mipaka kwa hati, na waandike kwamba nyumba haitajengwa chini yake. Mtaa wa kwanza ukishakubaliana kuchanga, uwapelekee barua ya kuomba hilo kabla ya kulipia bene ya kwanza.